Ndege Mdogo, Ndege Ndogo

Ukitaka kumjua, usianze na kishungi. Kishungi ndicho kila mtu anachokikimbilia, na ndicho kinachodanganya, maana ndege wenye manyoya ya kusimama kichwani wako wengi. Anza na mkia. Ukiwa umefungwa hutaona kitu, ni mkia mweusi wa kawaida, mfupi kama kidole. Subiri aufungue. Ataufungua tu, hana subira huyo, kila akitua anaufungua na kugeuka huku na huku, na hapo ndipo utaona ncha nyeupe pembeni. Mgongo ni wa kijivu, kichwa ni cheusi zaidi, tumbo ni jeupe lililochafuka kidogo. Bawa halina alama yoyote nyeupe. Umbo lake ni la shomoro aliyekosa chakula. Ukimwona ametulia tawini dakika nzima, geuza shingo uangalie kwingine, si yeye.

Haya yote nilifundishwa na fundi miavuli wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa Kiswahili kibovu kabisa, na nilifundishwa nikiwa nimechelewa. Mimi sikuwa mtu wa ndege. Nilikuwa mtu wa sarufi.

Nieleze kwanza mimi ni nani, ili lawama ijue pa kukaa. Nilizaliwa Rwanda, nikabebwa mgongoni kupita Kongo, nikasoma Tanzania katika kambi moja ya Kigoma, chini ya mwalimu aliyetuchapa viganja kwa kukosea ngeli. Chochote chenye uhai kinafuata mtu: simba mkali, ndege mdogo, anaruka. Lakini ndege ya kupanda, ile ya injini, ni ndogo, inaruka. Neno ni moja, njia ni mbili. Nilikuwa na miaka tisa nilipolijua hilo, na viganja vyangu havijasahau mpaka leo. Nilipofika Malawi, mtu mzima tayari, nikakuta Dzaleka nzima inaongea Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Bantu, batoto, na njo badala ya ndio. Mama iko, mbuzi iko, sufuria iko, kila kitu iko. Nilikisikia kama mtu anayekwaruza bati kwa msumari. Nikawa nasahihisha. Kwenye foleni ya maji nasahihisha, kanisani nasahihisha, na siku moja matangani nilimsahihisha mama aliyekuwa akimlilia mumewe. Sijivunii hilo. Wakaniita Mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa kunicheka, nami nikachukua ile nusu niliyoitaka.

Kiswahili hicho safi, pamoja na Kiingereza changu, vilinipatia kazi ya kutafsiri siku mbili kwa wiki katika ofisi moja ya mahojiano mjini Lilongwe. Pale wakimbizi wenye mafaili waliulizwa maswali, na majibu yao ndiyo yaliyoamua kama wataruhusiwa kwenda nchi nyingine au watabaki walipo. Kazi ya mtafsiri ni kuchukua sentensi upande huu na kuiweka upande ule. Niliifanya kwa kiburi. Wenzangu walikuwa wakimwomba mtu arudie, aeleze, atoe mfano. Mimi sikuwa naomba. Mtu akisema, nimesikia.

Fundi miavuli nilimfahamu kwa kumpita. Alikaa kando ya soko la kambi, juu ya ndoo iliyogeuzwa, katikati ya vyuma vya miavuli iliyokufa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mtu wa milima ya Kivu, mwembamba, mpole mpaka anaudhi. Kila mtu alijua habari yake moja. Alikuwa na binti mmoja tu, naye yuko Kanada. Mama wa mtoto alishafariki zamani. Siku kijiji chao kilipovamiwa, mtoto alikimbia na shangazi yake kwa njia moja, na baba, ambaye hakuwa nyumbani, akakimbia peke yake kwa njia nyingine. Shangazi na mtoto walipata kusafirishwa. Yeye akatokea Malawi. Walikuja kupatana kwa simu mtoto akiwa na sauti ya mtu mzima, baba asiitambue. Faili lake lote lilikuwa na ombi hilo moja, kumfuata binti yake.

Siku ya mahojiano yake zamu ilikuwa yangu. Swali lilikuwa lazima lije, na lilikuja mapema. Mama aliyekuwa akihoji aliuliza: siku ile ulikuwa wapi, na kwa nini hukuwa na mtoto wako?

Alijibu bila kusita. Nalikumbuka jibu lake neno kwa neno, kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

"Mi nilikuwa mu pori. Nilikuwa nangoja ile ndege ndogo, iko na mukia mweupe. Asubuhi yote inashukaka ku mto. Mi nahesabu, naandika saa yenye inafika. Bazungu njo balikuwa banalipa."

Ndogo. Iko. Inashuka. Inafika. Sikuhitaji hata kupepesa macho. Nikasema kwa Kiingereza kizuri kwamba alikuwa msituni akingojea eropleni ndogo yenye mkia mweupe, iliyokuwa ikishuka kando ya mto kila asubuhi, na kwamba kazi yake ilikuwa kuhesabu na kuandika saa za kufika, kwa malipo ya wazungu.

Yule mama aliinua kichwa. "Eropleni?" akaniuliza mimi, si fundi.

"Ndiyo," nikasema.

Akaandika kwa muda mrefu. Hakuuliza tena habari ya msitu. Fundi miavuli alikaa mikono magotini, akitabasamu kidogo, akidhani amejieleza vizuri.

Kule anakotoka, mtu anayengojea ndege ndogo msituni na kuandika saa zake si mtu wa kawaida. Ndege hizo hubeba madini, na mengine mabaya zaidi. Faili likawekwa kando. Barua aliyopewa ilisema tu kwamba maelezo yake yanahitaji kuchunguzwa zaidi, na miezi ikapita. Mimi nilijua sababu. Na nilifanya jambo ambalo mtafsiri hapaswi kulifanya, nikamwambia jirani yangu, mama mmoja aliyetoka Kindu, kule Kongo, anayeuza vitenge, tukiwa tunachekecha unga: "Yule mpole wenu, ndege zake ndizo zimemponza." Nilisema zake, kwa usahihi kabisa. Moyoni nilisema, kumbe, watu wapole ndio hao.

Kisha ikaja mvua. Siku moja asubuhi nilimkuta fundi amesimama chini ya mforosadi karibu na bomba la maji, ameangalia juu, mwavuli wa mtu mkononi. Nyuma yake kwenye ndoo wateja walikuwa wameanza kunung'unika.

"Papa, watu wanasubiri miavuli yao," nikamwambia.

"Mwalimu, kuja uangalie." Alinionyesha juu kwenye majani. Palikuwa na ndege wa rangi ya tofali, kichwa cheusi chenye kishungi, mkia mrefu kupita mwili wake. "Hii nayo iko na nywele ya kusimama, lakini haiko yenyewe. Hii mukia iko murefu. Ile yangu mukia iko fupi, na inaifungua hivi." Akafungua ule mwavuli, akaufunga, akaufungua tena. "Ku ncha, mweupe. Ukikosa kuona mweupe, haiko yenyewe. Njo ile mi nilikuwa nangoja mu pori ile siku. Njo ilifanya nisikuwe na mutoto."

Nilisimama pale na ndoo yangu.

"Ile ndege ya kwenye mahojiano?"

"Njo ile."

"Ina manyoya?"

Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Sasa ndege itakosa manyoya, mwalimu?"

"Na ile ya kupanda? Ya injini? Kwenu mnaiitaje?"

"Ile iko avion," akasema.

Avion. Niliishi nao miaka sita nikisikia avion. Batoto wa kambi wakiona moshi angani husema avion. Mtu wa Kivu akitaka kusema eropleni anasema avion, na akisema ndege anamaanisha kiumbe. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyojua jina langu, na siku ile ofisini sikulikumbuka, kwa sababu nilikuwa nasikiliza ngeli badala ya kumsikiliza mtu.

Nilikwenda nyumbani nikachambua mchele. Niliuchambua vizuri, sikuacha jiwe. Nilingoja kilio, nikangoja hofu, na kitu chochote hakikuja. Kuanzia kifuani nilikuwa nimekufa ganzi, na sehemu kubwa ya ganzi hiyo bado ninayo ninapoandika haya. Watu hudhani kujuta ni kuungua. Mimi nilikula, nikaosha vyombo, nikalala usingizi mzuri.

Wiki iliyofuata nilimwambia mkuu wangu wa kazi. Alinisikiliza, akavua miwani. Akasema niandike barua nieleze kosa, na nieleze ni ndege gani hasa, maana hakuna atakayeamini kwamba mtu alilipwa kumngojea ndege wa manyoya kando ya mto. Akasema na mengine mawili. Kwanza, kuanzia siku hiyo sitatafsiri tena mpaka niitwe. Pili, nisizungumze na yule mtu juu ya kesi yake, wala nisimfundishe la kusema, maana mahojiano yakirudiwa yatarudiwa mara moja tu, na yakiharibika faili linafungwa.

Nisizungumze naye. Kanuni hiyo ilinifaa sana. Niliishika kama mtu aliyepewa mwavuli. Ukweli ni kwamba hata bila kanuni nisingemwambia. Niliona aibu. Ningeanzaje? Papa, mimi ninayewasahihisha wote hapa, mimi ndiye nilikugeuzia ndege wako kuwa eropleni? Sikumwambia.

Lakini nilihitaji habari za huyo ndege, kwa hiyo nikaanza kukaa karibu na ndoo yake, nikisingizia miavuli. Alifurahi kupata msikilizaji. Alinieleza kwamba wazungu wale walikuwa watu wa kuchunguza viumbe, walitega nyavu nyembamba kama unywele kati ya miti, wakamtoa ndege taratibu, wakampima ndani ya kifuko cha kitambaa, wakamfunga kipete mguuni, wakamwachia. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye jiwe kando ya mto kabla ya jua, kimya, na kuandika: saa fulani wamefika wangapi. Kulikuwa na wengine wa kufanana naye, wadogo, weusi, wenye vishungi, lakini mkia wao haukuwa na nyeupe. Hao hakuwaandika. Sauti yake, alisema, ni nyembamba, ya harakaharaka, na ukiisikia usitafute juu, tafuta usawa wa kifua chako, kwenye vichaka vya chini. Kiota chake ni kikombe kidogo cha kuvumwani ya magome ya miti, amekishona kwa uzi wa buibui. Mtu huyu asiyejua kusema "ana" alijua idadi ya mayai.

"Mangapi?" nikamuuliza.

"Mbili. Kila mara mbili."

"Mawili," nikasema. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Mawili," akarudia, akacheka.

Sikutaka tena kuandika kitu ambacho sijakiona. Nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikaenda Ntchisi, mlimani, ambako umebaki msitu wa kweli. Mlinzi wa msitu ule aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia, Kichewa na Kiswahili vikichanganyika mdomoni, natafuta ndege ndogo, na kwa kweli sijui kwa nini nilisema ndogo. Akacheka mpaka akashika mti. Kwa Kichewa, ndege ni eropleni peke yake, na kiumbe huitwa mbalame. Akanionyesha kwa mkono upande wa Lilongwe, uwanjani, akasema zipo nyingi huko. Nchi nzima niliyokuwa nikiishi ilikuwa upande wa kosa langu.

Aliponihurumia aliniingiza ndani. Tulikaa kwenye gogo muda mrefu. Akatokea ndege mmoja wa kahawia akatulia tawini, nikasema moyoni, si yeye, huyu anakaa. Kisha nikasikia sauti nyembamba chini kabisa, nikashusha macho kama nilivyofundishwa. Alikuwa pale, hatua nne mbele yangu. Alitua, akageuka, akafungua mkia. Ncha zilikuwa nyeupe. Akaufunga, akaruka, akamnasa mdudu hewani, akatua, akaufungua tena. Alikuwa na kishungi, lakini kilikuwa kidogo, nisingekiangalia kwanza. Niliona kila alichoniambia fundi, kimoja baada ya kingine, na hakuna alichokosea. Nilijua kwamba ningepaswa kufurahi. Nikafungua daftari nikaandika saa aliyofika.

Barua niliiandika kurasa mbili. Nilimchora ndege, mkia ukiwa umefungwa na ukiwa wazi. Nilieleza nyavu, kipete, jiwe la kando ya mto. Nilieleza kwamba kwa watu wa kule "ndogo" na "iko" havitenganishi kiumbe na chuma, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Baada ya majuma kadhaa mkuu wangu akaniambia wamekubali. Atahojiwa mara ya pili, na mtafsiri mwingine. Akarudia, mara hiyo tu.

Hapo nikafanya ujanja ambao niliuona ni wa busara. Sikuruhusiwa kumfundisha la kusema, lakini nilijiambia sarufi si ushahidi. Kila jioni nikaketi kando ya ndoo na kumfundisha ngeli.

"Papa, ndege mwenye uhai sema mdogo. Sema ana mkia. Sema anashuka."

"Anashuka."

"Ukitaka kusema hata mmoja, sema yeyote. Ndege yeyote, huyo ni wa manyoya. Ndege yoyote, hiyo ni ya injini."

"Yeyote, yoyote." Aliyazungusha mdomoni huku akinyoosha waya. "Mwalimu, Kiswahili yenu iko na uchoyo. Neno moja munagawa mara mbili."

"Kiswahili chenu kina uchoyo," nikasema.

Alikuwa mzito, lakini hakuchoka. Mama wa Kindu alipopita alimtania kwamba uzeeni anasoma shule ya awali. Yeye akajibu kwamba anataka binti yake asione haya akimsikia. Jioni mbili nilimkuta amesinzia, midomo ikitembea. Na mimi nilidhani nimepata njia ya kulipia kosa bila kulitaja.

Siku ya mahojiano nilimsindikiza, kwa kuwa hakuujua mji vizuri. Alivaa koti la kuazima. Mimi sikuruhusiwa kupita getini. Nikakaa ukutani, kwenye kivuli, karibu na mama anayeuza ndizi, nikiwa na nakala ya mchoro wangu kwenye mkoba, kana kwamba mtu angekuja kuuomba. Alitoka mapema kuliko nilivyotarajia. Alikuwa mchangamfu. Akasema ana njaa, na kwamba katika mtaa wa Chilinde anamjua mtu mwenye miavuli iliyovunjika, tupitie huko.

Tulikula Chilinde, kwenye kibanda kinachotazamana na wauza matairi. Nsima, ugali wa huku, na usipa, dagaa wa ziwani. Alinawa, akamega tonge, akaanza kunieleza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Mwalimu, leo nilisema vizuri. Hata yule mutafsiri alishangaa."

"Walikuuliza nini?"

"Banauliza tena ile ile. Siku ile ulikuwa wapi. Halafu yule mutafsiri anasema, ulikuwa unamngojea ndege? Polepole, kama mutu anakutega." Alitabasamu. "Lakini mi nilikuwa nimeshajua. Kule kambi bote banasema ndege njo ilinihara—" Akajizuia, akajisahihisha kama nilivyomzoesha. "Ndege ndiye aliniharibia faili. Mama wa Kindu aliniambia tangu zamani, papa, hiyo habari ya ndege usirudie, sema ulikuwa shamba. Basi nikasema nilikuwa shamba."

Tonge langu lilikuwa mkononi. Nililirudisha kwenye sahani.

"Na ndege?"

Alinyoosha mgongo, mtu aliyekaririshwa vizuri, akasema polepole, kila herufi mahali pake: "Sikuona ndege yeyote."

Muuza matairi alikuwa akigonga ringi. Ofisini palikuwa na barua yangu ya kurasa mbili inayosema alikuwa akimngojea ndege wa manyoya, na sasa pembeni yake palikuwa na neno la mtu mwenyewe, kwamba hakumwona hata mmoja. Na nilitafuta kosa katika sentensi ile, kwa mazoea tu, sikulipata. Ilikuwa sahihi.

"Vizuri, papa," nikasema.

Akala. Nilimwangalia anavyokula. Nadhani ni kula kwake kulikonishinda, jinsi alivyokuwa akitenga vichwa vya usipa pembeni kwa utulivu, mtu aliyemaliza kazi. Nikafungua mdomo, na Kiswahili changu hakikuja. Kilichokuja kilikuwa chake.

"Papa, mi njo niliharibu. Ile siku ya kwanza, mi njo nilisema iko avion. Banaandika avion. Halafu nikaandika barua, nikasema haiko avion, iko ndege, iko na manyoya, iko na mukia ya kufungua. Leo balikuwa banataka useme tu ile ndege. Ile ndege njo ilikuwa ya kukupeleka kwa mutoto."

Nilipomaliza aliendelea kuangalia mdomo wangu, nafikiri alikuwa anangoja nijisahihishe. Kisha akaosha mkono, kidole kwa kidole, akaukausha kwenye koti la watu.

"Banafunga saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa tisa na nusu."

Alitazama simu yake. Ilikuwa saa kumi na kitu. Akasimama hata hivyo, akaacha sahani na akaacha habari ya miavuli. Tulichukua kabaza mbili, baiskeli za kubeba abiria, mpaka stendi, kisha basi dogo. Kwenye barabara ya Capital Hill magari ya wafanyakazi wa serikali yalikuwa yakitoka mfululizo kwenda majumbani. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu, ningejua pa kushika. Alikuwa akihesabu kitu kwa vidole, pengine vituo.

Geti lilikuwa limefungwa. Alimweleza mlinzi kwa mikono na kwa Kichewa cha sokoni: alisahau neno moja ndani, anataka kuingia kulisema, dakika moja. Akafungua na kufunga kiganja mbele yake, mara mbili, tatu, kumwonyesha mkia. Mlinzi alimwangalia bila ubaya.

"Mawa," akasema. Ni kesho kwa lugha yao.

"Zikomo," fundi akajibu, akamshukuru tena kwa kuinamisha kichwa. Kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia.

"Kesho tutarudi, mwalimu. Kesho mi nitasema ile ndege, yote, na mukia. Batasikia."

Nilijua hakuna kesho. Nilikuwa nimeambiwa mara mbili. Alikuwa amekunja koti la kuazima mkononi, lisichafuke, ili alivae tena asubuhi. Sikumsahihisha.